Kungwi hakutuambia hili

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Ujumbe wako wa sauti niliusikia, ila simu yangu inachezewa na wajukuu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unasema miezi miwili hukuziona siku zako, wa tatu zikaja kwa fujo, ukadhani umelogwa. Hujalogwa, mwenzangu, una miaka 48, hedhi inaelekea kukoma. Mie zilianza kuyumba nina 47. Nesi alinieleza kwamba mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, milioni moja hadi mbili, na haongezewi hata moja. Yakikaribia kwisha, ovari, vile vifuko vya mayai, hazitoi tena homoni ya estrojeni kwa mpango: leo juu, kesho chini. Hapo ndipo hedhi inapokosa adabu. Lakini ukifika kubadilisha pedi kila saa, usikae nyumbani.

Na lile joto! La kwanza lilinikuta msibani, tumekaa jamvini. Likapanda kifuani hadi usoni, kanga ikanigandia mgongoni. Bibi mmoja akanisogezea upepeo, hakuuliza kitu. Alijua.

Kilichoniumiza zaidi ni ukavu. Estrojeni ikipungua, ngozi ya ukeni huwa nyembamba na kavu. Nikawa namkwepa mzee, naye akadhani simtaki tena, tukanuniana karibu mwaka. Kumbe duka la dawa wanauza jeli ya kulainisha! Kungwi alituweka ndani siku zote zile kutufunza kuanza, kumaliza hakukugusa.

Uzazi wa mpango usiuache kwanza, usije ukatuletea kitinda mimba. Hedhi haihesabiwi kuwa imekoma mpaka itimie miezi 12 mfululizo bila tone, na walio chini ya miaka 50 huambiwa wajikinge miaka miwili tangu hedhi ya mwisho.

Ikishakoma, damu ikirudi nenda hospitali, hata kama ni tone. Mie ilirudi baada ya mwaka na nusu. Nikacheka, nikasema nimerudi usichana. Daktari hakucheka. Nilipigwa ultrasaundi, kikachukuliwa kipande cha ukuta wa kizazi kikapimwe, wasije wakakosa saratani. Wiki ile sikulala. Kumbe ni kinyama tu kilichoota ndani ya kizazi, si saratani, wakakitoa.

Jumamosi nakutumia kanga mbili za pamba kwa basi. Magauni yako ya nailoni gawa.

Shoga yako wa chuoni