Shoga, mwambie shemeji apandishe hiyo mashine

Shoga yangu, habari za joto?

Sisi wazima, watoto ndo hivo wamegoma kutoka nje mpaka jua lizame. Voisi yako nimeisikiliza yote nikiwa naosha vyombo, nimecheka ila nimekuonea huruma pia, mtu umetoka Minneapolis ambako miezi kadhaa ya mwaka majani ya uani yamelala chini ya theluji na hakuna wa kukuuliza kitu, umefika Houston tu HOA, hicho chama cha wenye nyumba mtaani, wanakuletea barua eti majani ya mbele ya nyumba yamekuwa njano. Karibu Texas.

Kwanza hilo gunia la mbolea alilokuuzia yule kaka wa dukani usilimwage sasa hivi. Liweke gereji. Mbolea huku tunatia spring, baridi ikiisha, majani yakishaamka na umeshayakata kama mara mbili hivi, kwenye Aprili. Ukiyashindilia mbolea katikati ya joto hili yanatoa jani laini laini ambalo ndo chakula cha wadudu na fangasi.

Hayo majani yako mapana ni St. Augustine, utayakuta karibu kila mtaa huku. Ni ndugu kabisa wa zile nyasi za Pemba zilizokuwa barazani kwa bibi yako kule Tanga, jani nene, linatambaa kwa vikonyo, na watu wanapanda vipando vyake, hawahangaiki na mbegu. Ya jirani yako yale membamba ni bermuda, yaani ukoka ule ule, huo unapenda jua la utosi na hauna shida ukikatwa chini, inchi moja mpaka mbili. Sasa shemeji kaona kwa jirani pamenyooka, naye kashusha mashine ya kukatia majani kanyoa St. Augustine kama kichwa cha kuruta! Mwambie apandishe. Inataka inchi tatu mpaka nne, hasa kiangazi hiki, na kila akikata asiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake, hata kama imempita kimo wiki aliyosafiri, aishushe kidogo kidogo. Jani likiwa refu udongo unapata kivuli, maji hayakauki haraka, mizizi inashuka chini na magugu yanakosa mwanga. Halafu anoe kisu, maana kisu butu kinachana jani badala ya kulikata na ncha zote zinageuka kahawia. Yaliyokatwa ayaache hapo hapo, hiyo nayo mbolea ya bure, sijui kwa nini watu wanayajaza kwenye mifuko.

Maji sasa. Umesema unawasha sprinkla, yale mabomba ya kunyunyizia, kila siku jioni dakika tano tano, shoga hayo maji yanaishia juu juu tu na mizizi inabaki juu kuyasubiri, siku ukikosa kumwagilia majani yote yanalegea. Bora mara moja au mbili kwa wiki lakini yanywe kweli, jumla kama inchi moja kwa wiki ukihesabu na mvua. Kupima ni rahisi, weka makopo matupu ya samaki wa tuna hapa na pale, washa dakika kumi na tano, tazama yameingia kiasi gani, hapo utajua uache muda gani na utaona pia upande gani haupati kitu. Na huu udongo wetu wa mfinyanzi haunywi haraka, ukiona maji yanakimbilia barabarani, zima, subiri nusu saa, washa tena, la sivyo unalipia bili ya kuosha lami. Washa alfajiri kama saa kumi na moja, jua likitoka jani linakauka, ukimwagilia jioni jani linalala limelowa usiku kucha na fangasi wanashukuru. Siku ambazo huna uhakika kama yana kiu pita katikati, ukiona nyayo zako zimebaki na majani yamejikunja kwa urefu yana rangi ya kijivu kijivu, hayo yana kiu. Kama yanainuka yaache.

Ila lile doa la njano kando ya draiveway, pale mnapopitisha gari, silipendi. Pale jua linapiga na zege linachoma, na umesema umemwagilia lakini linazidi kupanuka, hiyo mara nyingi siyo kiu, ni vidudu wanaitwa chinch, wa ukoo mmoja na kunguni, wanafyonza majani. Chukua kopo ukate pande zote mbili, lididimize ardhini pale ukingoni ambapo njano inakutana na kijani, siyo katikati palipokufa, jaza maji na uwe unaongeza kwa dakika chache. Wakiwepo wataelea, wakubwa ni weusi wenye mabawa meupe mgongoni, watoto wao wekundu. Ukiwaona ndo ununue dawa, usipowaona usimwage sumu bure watoto wanacheza hapo. Na dawa ya magugu nayo soma lebo yote, kuna zilizotengenezwa kwa bermuda ambazo zinaua St. Augustine moja kwa moja.

Oktoba kukianza kupoa unaweza kuona maduara ya kahawia, jani ukilivuta linang'oka na kitako kimeoza, huo ni ukungu, tutaongea ukifika.

Hapo palipokufa usinunue majani mapya, kwangu upande wa uzio yametambaa mpaka kwenye mchicha na nimechoka kuyavuta. Kwanza tuhakikishe hakuna wadudu, halafu njoo Jumamosi na ndoo uchukue vipando kwangu, mje mapema kabla ya joto, nitapika mbaazi za nazi na shemeji atapewa koleo, kuchimba achimbe yeye.

Wasalimie watoto wote.

Shoga yako