Walei nao tufundishwe teolojia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mapadre wetu, na walei wenzangu pia, yaani waumini tusio mapadre wala watawa.

Mimi ni katekista wa kigango kimoja mkoani Iringa. Juzi, katika darasa la kipaimara, binti mmoja aliuliza: "Mwalimu, kama Yesu ni Mungu, pale Gethsemane alikuwa anamwomba nani?" Wenzake wakacheka. Mimi niliwanyamazisha, maana kuna mtu aliyekatwa ulimi kwa ajili ya swali hilohilo.

Ni mtakatifu Maksimo Muungamadini, mtawa. Katika karne ya 7 wakubwa wa Konstantinopoli walishikilia kwamba Kristo ana utashi mmoja tu. Maksimo akakataa: anayesema pale Gethsemane "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe" ana utashi wa kibinadamu kweli, na kwa huo anamtii Baba. Wakamkata ulimi na mkono wa kuume, akafia uhamishoni mwaka 662. Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Konstantinopoli wa mwaka 680 hadi 681 ukaja kufundisha alichokitetea. Kwa hiyo yule binti alistahili jibu kamili: Mwana alimwomba Baba, na aliomba kama mtu mwenye hofu ya kweli ya kufa.

Tawi linaloshughulikia maswali hayo linaitwa Kristolojia. Ndilo lililozaa maneno "aliyezaliwa bila kuumbwa" tunayokiri Jumapili, dhidi ya Ario, padre wa Aleksandria, aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa, akapingwa na Mtaguso wa Nisea mwaka 325. Tunayakiri haraka haraka, macho yako kwenye saa.

Yako matawi mengine: Maandiko Matakatifu, historia ya Kanisa, maadili, liturujia, uchungaji. Ndani ya tawi la dogma, yaani mafundisho ya imani, mbali na Kristolojia kuna mafundisho juu ya Utatu, Kanisa, sakramenti na mambo ya mwisho. Ila kwa hali ya sasa mitaani kwetu, linalohitajika upesi kuliko yote ni fundisho la neema. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliuziwa chupa ya mafuta na mhubiri mpita njia, akaambiwa bila hayo mwanawe hatafunguliwa. Alitoa fedha ya mbolea. Laiti angalifundishwa alichokitetea Augustino, askofu wa Hippo, mji ulio katika Algeria ya leo, alipopambana na wafuasi wa Pelagio, waliosema mtu aweza kutenda mema kwa nguvu zake mwenyewe: neema ni zawadi, Mungu huanza yeye kabla hatujatenda lolote. Zawadi haiuzwi. Mwafrika mwenzetu aliyaandika hayo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, na mama yule hajawahi hata kulisikia jina lake.

Mapadre wetu wanasoma teolojia kwa miaka katika seminari za Segerea, Kipalapala na Peramiho, na sadaka zetu zimo katika masomo hayo. Wakirudi parokiani, mengi ya waliyosoma yanabaki kwenye madaftari. Najua wana vigango vingi na barabara mbaya. Lakini Ijumaa za Kwaresima tunakuwa wote kanisani kwa Njia ya Msalaba. Nusu saa baada ya hapo yatosha: Ijumaa moja Utatu, nyingine Kristo, nyingine neema, na watu waruhusiwe kuuliza. Sisi makatekista tutaandaa madawati na kuwaita vijana. Yule binti nimeshamwambia aje na swali lake.

Katekista,
Iringa