Kwa vijana wa bodaboda wa Mombasa: siku mkitiwa pingu

Wanangu, salaam aleikum.

Msako ukipita stejini, kinachofuata mnakijua: pikipiki inapakiwa, mtu anarushwa nyuma ya lori, na yeye anaanza kujieleza kuanzia barabarani hadi kituoni. Wengi mnajifunga hapo, kwa mdomo, kabla ya pingu kubana. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kunyamaza. Afisa anatakiwa akuambie hilo mara moja, kwa lugha unayoielewa, pamoja na sababu ya kukukamata. Basi uliza kwa adabu: "Afande, nimekamatwa kwa kosa gani?" Taja jina lako, kisha kimya. Usikimbie wala usivutane naye. Kosa la kumzuia afisa kazini huongezwa upesi, na hubaki hata lile la kwanza likikosa mashiko.

Tazama saa ulipokamatwa. Kuanzia hapo wana saa 24 za kukufikisha mahakamani. Ila mlango mmoja uko wazi: muda ukiisha mahakama zikiwa zimefungwa, hurefuka hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana wa Ijumaa jioni hulala ndani hadi Jumatatu, na sheria haijavunjwa, inaudhi tu. Lakini aliyeshikwa Jumatatu asubuhi akaonekana bado yuko seli Jumatano, bila kupelekwa kwa hakimu, huyo anashikiliwa kinyume cha Katiba.

Kwenye dawati la ripoti pana kitabu kikubwa cha matukio, ndicho OB. Hakikisha umeandikwa, na uombe namba yako. Huanza na namba ya tukio la siku hiyo, ikafuatiwa na tarehe. Ishike kichwani kama namba ya pleti. Asiyekuwa kwenye OB ni rahisi kukanwa: "Hapa hayupo." Una haki ya kuwasiliana na wakili, na na mtu mwingine ambaye msaada wake unauhitaji. Ukimpigia, mpe mambo matatu: kituo, kosa, namba ya OB. Habari za nani alikuchongea zitangoja.

Vitu vyako vikichukuliwa, vihesabiwe mbele yako kabla hujatia sahihi: simu, ufunguo, helmeti, pesa kwa kiasi kamili. "Pesa kidogo" si kiasi. Pikipiki nayo iandikwe, kwa namba yake ya usajili na hali yake, maana vioo na betri vina tabia ya kutembea uani. Dada zetu mnaoendesha, anayewapekua lazima awe mwanamke.

Kisha itakuja karatasi ya taarifa. Hulazimiki kuandikisha. Ukiamua kuandikisha, isome yote, au usomewe, piga mstari kwenye nafasi zilizobaki wazi, ndipo utie sahihi. Kukiri kosa ni jambo zito zaidi: mahakama haipokei ungamo la kituoni ila lililotolewa mbele ya afisa wa cheo cha Inspekta au zaidi, asiyechunguza kesi hiyo, na mtu uliyemchagua wewe akiwepo. Kwa hiyo lile "kubali tu, tutakuachilia" la konstebo halina nguvu kisheria, lakini litakuchosha miezi kulipinga.

Dhamana ya polisi ya maandishi hailipiwi hata shilingi. Ile ya pesa taslimu ina risiti, na pesa hurudishwa ukihudhuria kesi. Pesa isiyo na risiti ni hongo, na hongo haifuti kitu kwenye OB.

Mahakamani ndipo mnapoharakisha mno. Mtu anachoka na seli, anasema "ni kweli" ili alipe faini arudi kazini, na hatia inaandikwa. Kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi 6, Katiba hairuhusu uwekwe rumande kwalo, basi haraka ya nini? Kama Kiswahili cha karani kimekupita, omba mkalimani. Na hata ukiwa umeshakubali, mwendesha mashtaka husoma maelezo ya kisa. Sikiliza neno kwa neno. Kukiwa na uongo, inua mkono useme, "Mheshimiwa, hapo si kweli." Hakimu anapaswa kuandika kwamba umekana shtaka, na kesi isikilizwe kwa ushahidi.

Mzee wenu.