Kwa vijana wa kwaya, kabla korosho hazijaanza kudondoka

Wanangu na wajukuu zangu wa kwaya, Bwana awe nanyi.

Naandika mapema maana mikorosho ndo inatoa maua sa hivi na wengine bado wanamalizia kupulizia salfa, mwezi wa kumi ukifika hakuna atakayekuwa na masikio ya kunisikiliza. Jumapili mliimba vizuri mno, besi ilivyoshuka mpaka benchi nililokalia linatetemeka, na machozi yalinitoka sifichi. Mimi kwaya naipenda toka utoto.

Baada ya misa nikapita kwa bibi mmoja mjane, muislamu, kwake sio mbali na kanisa kwahiyo spika zenu anazisikia kama yuko ndani. Nikamkuta uani anapepeta mtama, nikamuuliza mikorosho inaonekanaje mwaka huu bibi, akasema imebeba maua vizuri ila za kwangu zimeshaondoka. Zimeondokaje na maua ndo kwanza yanatoka? Mwezi wa pili ghala lilikuwa tupu, akachukua debe moja la mahindi na elfu ishirini za sare ya mjukuu, makubaliano msimu ukifika atoe gunia zima la korosho. Gunia zima wanangu. Jina la aliyemkopesha hakunitajia, alisema tu "ni yule kijana anayeimbaga pale kwenu", na muda huo nyimbo zenu bado zinasikika hapo uani. Nilikosa pa kuweka uso.

Najua kangomba, huku kununua korosho za mkulima kienyeji kwa kipimo cha kumpunja au kumkopesha kabla ya msimu alipe kwa korosho, mnaijua kuliko mimi, na najua mmeizoea mpaka mnaiona biashara tu kama kuuza vocha. Mwaka 2018 serikali iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo ikaanza kuhakiki mashamba, kuna watu walipeleka magunia na magunia wakiulizwa shamba liko wapi hawana hata mkorosho mmoja. Humo hawakuwemo wapagani peke yao.

Na mimi nimewahi kufanya, niseme wazi. Ilikuwa zamani kabla stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kupeleka korosho ghalani zikauzwe kwa mnada, haijaja huku mwaka 2007. Nilikuwa na bakuli la plastiki la bluu nimelichagua dukani makusudi, nikijaza nalundika mpaka zinamwagika pembeni halafu zile zilizomwagika nazo naziokota natia kwangu, na mwenye mali namhesabia kilo moja. Siku moja nililipima kwenye mizani, likatoka kilo moja na robo na zaidi kidogo. Nikalirudisha pale pale kwenye gunia, kesho yake nikaendelea. Na Jumapili ndo mimi niliyekuwa nabeba msalaba kwenye maandamano.

Kilichonikamata ni mahubiri ya Zakayo, Luka 19. Padre alisema hakuna mahali pameandikwa kwamba Zakayo aliimba, kilichoandikwa ni kwamba alisema anarudisha mara nne. Sikulala siku hiyo. Nilizunguka nyumba sita na hela mkononi, wengine walinicheka, mzee mmoja nilikuta ameshafariki nikawapa wanae, mama mmoja alipokea akahesabu akafunga mlango bila kunijibu salamu, na mpaka leo hatuongei. Ni haki yake.

Halafu kuna hili ambalo linaniuma zaidi kwa sisi wa Masasi. Mwaka 1876 askofu Steere, mmisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, alikuja huku kupitia Lindi na watu walioachiwa huru kutoka utumwani, wakaishia hapa, na kanisa letu limeanzia kwao. Watu waliokuwa wamewekewa bei na mtu mwingine ndo wa kwanza kusali hapa. Sasa sisi tuliowarithi tunamwekea bei mjane jasho lake akiwa na njaa, wakati hana nguvu hata ya kusema hapana?

Someni Amosi sura ya 5, Mungu anawaambia watu waondoe kelele za nyimbo zao. Halafu msiishie hapo, nendeni sura ya 8 muone anawalaumu kina nani, ni wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuharibu mizani, wanaosubiri sabato iishe warudi sokoni. Walikuwa wanaimba na kinanda kipo, ila shida ilikuwa kipimo.

Mtasema mzee, asingekopeshwa angekula nini. Ni kweli, njaa ya mwezi wa pili huku ipo na kumkopesha jirani ni jambo jema, kopesheni. Ila Kutoka 22 inakataza kumtoza masikini riba, kwahiyo debe lako lirudi debe au bei ya debe, baada ya mnada akishalipwa na AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Gunia zima kwa debe la mahindi na elfu ishirini sijui hata niliite riba au niliite nini.

Sijaandika ili atafutwe aliyefanya, tafadhali msianze kunyoosheana vidole kwenye grupu, maana kwa ninavyosikia hayuko peke yake. Mwenye daftari la madeni anajijua. Jumamosi asubuhi nitakuwa nyumbani, anayetaka kwenda kwa bibi yule au kwa mwingine yeyote apite tuongozane, sitamuuliza kitu njiani, aje na daftari tu ukurasa ule uandikwe upya mbele ya bibi mwenyewe. Saa mbili asubuhi tutamkuta, huwa yuko pale pale uani.