Ngome gani hiyo iliyosimama kwa vifaru?

Ndugu Mhariri,

Ni miaka mingi sijaandika kwenye safu hii. Mara ya mwisho nililalamikia wino wenu unaobaki vidoleni, mkanijibu kwa kunyamaza, na mimi nikanyamaza. Makala yenu ya Jumapili kuhusu Umoja wa Kisovieti na nchi zilizokuwa chini yake Ulaya Mashariki, ile ya "ngome isiyotikisika", imenitoa kwenye ukimya huo.

Mwandishi wenu anatuambia kwamba Moscow iliishika Poland, Hungaria, Chekoslovakia, Ujerumani Mashariki na wenzao "kwa mkono usiolegea" tangu 1945, hadi alipotokea Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Kisovieti, akaziachia kwa huruma zake. Inasomeka vizuri na chai. Ila huo mkono usiolegea ni upi? Stalin mwenyewe, akiwa hai na mwenye nguvu zake zote, alimpoteza Tito wa Yugoslavia mwaka 1948. Alimtimua kwenye umoja wa vyama vya kikomunisti akitarajia Wayugoslavia watamwangusha kiongozi wao. Hawakumwangusha, na Tito akaishi hadi 1980, miaka 27 baada ya Stalin kuzikwa. Albania ikakosana na Moscow mwaka 1961, ikakimbilia kwa Wachina, na mwaka 1968 ikajitoa rasmi katika Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi wa Moscow na wenzake. Hakuna kifaru kilichotumwa Tirana. Romania ilifanikiwa kuwaondoa askari wa Kisovieti kwenye ardhi yake mwaka 1958, na miaka kumi baadaye kiongozi wake Ceaușescu akasimama mbele ya umati Bucharest akilaani uvamizi wa Chekoslovakia, huku nchi yake ikiwa bado mwanachama wa mkataba uleule.

Najua mtanitajia Bulgaria. Haya, Bulgaria. Askari wa Kisovieti waliondoka huko mwaka 1947 na nchi ikabaki tiifu hadi mwisho. Kiongozi wake, Zhivkov, alikuwa mtiifu kiasi kwamba mwaka 1963 alipendekeza nchi yake imezwe na Umoja wa Kisovieti moja kwa moja. Anayeomba kumezwa halindwi, kwa hiyo huyo tumweke pembeni.

Waliobaki ndio hesabu yenyewe. Juni 1953, Stalin ana miezi mitatu kaburini, wajenzi wa barabara ya Stalinallee pale Berlin wanaongezewa kiwango cha kazi bila kuongezewa ujira. Wanagoma tarehe 16, kesho yake mgomo umefika karibu kila mji wa Ujerumani Mashariki, na vifaru vya Kisovieti vinatoka. Mwaka 1956 ni Poznań kule Poland, wafanyakazi tena, kisha Oktoba ni Hungaria nzima. Tarehe 4 Novemba vifaru vikaingia Budapest. Wahungaria wapatao 2,500 waliuawa, karibu laki mbili wakakimbia nchi, na Waziri Mkuu Imre Nagy akanyongwa mwaka 1958. Mwaka 1961 ikabidi wajenge ukuta katikati ya Berlin, maana zaidi ya watu milioni mbili na nusu walikuwa wameshaihama Ujerumani Mashariki na waliobaki walikuwa wanafunga mizigo. Mwaka 1968 ikawa zamu ya Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia. Mlango usiofungika mpaka usukumiwe kabati ni mlango mbovu, Ndugu Mhariri, hata kama kabati ni zito na hakuna aliyepita.

Hapo kwenye Prague mwandishi wenu ameongeza chumvi ya kutuaibisha: eti nchi za Kiafrika zilizofuata ujamaa "zilifumba macho". Nani alifumba macho? Tanzania ya Mwalimu, mwaka mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, ililaani uvamizi ule waziwazi. Huyu kijana angefungua magazeti ya Dar es Salaam ya Agosti 1968 asingeandika hivyo. Labda yamo kwenye maktaba yenu wenyewe, kama hamjayauza kwa wafunga maandazi.

Lakini kilichoniudhi kuliko vyote ni hilo la Gorbachev. Mnaandika kana kwamba siku moja mtu mwema alifungua kiganja na ndege wakaruka. Mambo yalikwisha kabla yake! Agosti 1980 wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Gdańsk waligoma baada ya mama mmoja mwendesha winchi, Anna Walentynowicz, kufukuzwa kazi akiwa amebakiza miezi michache astaafu. Ndani ya mwaka mmoja chama chao cha Mshikamano kilikuwa na wanachama wanaokaribia milioni kumi, katika nchi ya watu wasiofika milioni arobaini, tena nchi ambayo chama tawala chake kilijiita chama cha wafanyakazi. Sasa tazameni kilichofuata, maana hapa ndipo "ngome" yenu ilipobomoka na mwandishi wenu amepita kwa mwendo wa basi la mkoani. Tarehe 10 Desemba 1981 wakubwa wa Kremlin walikaa kikao, na kumbukumbu za kikao hicho zimekuwa wazi kwa wasomaji tangu miaka ya tisini. Andropov, mkuu wa shirika la ujasusi la KGB, mtu yuleyule aliyekuwa balozi Budapest vifaru vilipoingia 1956, alisema majeshi hayatapelekwa Poland hata kama Mshikamano watachukua nchi. Suslov, mlinzi wa itikadi, akamuunga mkono. Walikuwa wamekwama Afghanistan, hazina inavuja, wanaogopa vikwazo vya Magharibi. Siku tatu baadaye Jenerali Jaruzelski, mtawala wa Poland, alitangaza utawala wa kijeshi kwa kutumia askari wake mwenyewe wa Kipolandi, na hadi anakufa alishikilia kwamba alifanya vile ili Warusi wasiingie. Kwa hiyo toka Desemba 1981 kilichokuwa kimewashika watu wa Ulaya Mashariki ni kudhani kwamba vifaru vitakuja. Moscow ilijua haviji. Gorbachev, alipotangaza Umoja wa Mataifa Desemba 1988 kwamba anaondoa askari 50,000 na vifaru 5,000, alisema kwa sauti kilichokwisha kuamuliwa kimyakimya miaka saba kabla. Hilo ndilo ningetegemea gazeti la kujiheshimu liandike.

Na nani alimshika nani? Mimi nilisomea mitambo ya uchapaji Leipzig, Ujerumani Mashariki, miaka ya mwisho ya ile nchi. Msimamizi wa bweni letu, mzee mwenye beji ya Chama kifuani kutwa kucha, alikuwa ametukaririsha kauli yao: kujifunza kutoka Umoja wa Kisovieti ni kujifunza kushinda. Nikaitikia wito. Kila mwezi nilinunua kwenye kibanda cha posta jarida dogo la Kisovieti, Sputnik, toleo la Kijerumani, lenye habari za mageuzi ya Moscow na maovu ya Stalin ambazo magazeti ya Berlin yasingethubutu kuzigusa. Novemba 1988 likatoweka. Mama wa kibandani akaniambia posta haileti tena, akahudumia mteja mwingine. Honecker, mtawala wa Ujerumani Mashariki, alikuwa amepiga marufuku jarida la mabwana zake! Wiki hiyohiyo msimamizi alipita chumbani kwangu, akaona nakala ya zamani juu ya meza, akaniuliza nimelipata wapi jarida kama lile. Nikamwambia, "Kwenu mzee, posta, kwa stakabadhi." Akalichukua, na sikurudishiwa. Nilikasirika, maana lilikuwa na makala ya uchapaji wa rangi nilikuwa sijaimaliza, lakini nilielewa pia kwamba ninamwona mtumwa akimfungia bwana wake mlango. Honecker huyohuyo, Moscow ilipompunguzia mafuta mwaka 1981 kutoka tani milioni 19 kwa mwaka hadi 17, aliwauliza Wasovieti kama tani milioni mbili zina thamani ya kuyumbisha nchi yake. Alitumia udhaifu wake kama fimbo. Mafuta ya bei ya kirafiki yalikwenda kwa watawala waliokuwa wakikopa Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi, kwa mkono mwingine: mwaka 1983 alichukua mkopo wa marki bilioni moja kutoka Ujerumani Magharibi, na aliyemfanyia mpango ni Franz Josef Strauss, mwanasiasa wa huko aliyekuwa adui mkubwa wa ukomunisti. Hiyo ndiyo himaya iliyoshikwa sawasawa?

Na ilipofika Oktoba 1989, watu 70,000 wakizunguka barabara ya Leipzig usiku wa Jumatatu, askari wa Kisovieti zaidi ya laki tatu waliokuwa Ujerumani Mashariki walibaki makambini mwao. Mwezi mmoja baadaye ukuta ukafunguka. Poland ilikuwa imeshatangulia: kwenye uchaguzi wa Juni, Mshikamano walichukua viti 99 kati ya 100 vya Seneti.

Kwa kuwa nimeshaanza kusema, niseme na hili. Mnapoandika historia hizi kwa mbwembwe, huku nyuma kuna watu wazima waliosoma katika nchi hizo ambao wanazungushwa mpaka leo. Nilipopeleka shahada yangu kwenye ofisi moja ili ithibitishwe kwa ajili ya mafao, kijana wa dirishani aliigeuza, akaitazama nembo ya nyundo na bikari, akaniagiza nikapate muhuri wa ubalozi wa nchi iliyoitoa. Nikamwambia nchi hiyo haipo. Akaniambia basi nilete barua ya ubalozi huo inayothibitisha kwamba haipo. Sikutunga. Nyuma yangu foleni ilikuwa inaguna, na mimi ndiye niliyeonekana mkorofi. Tulioletewa vyeti kwa Kirusi, Kicheki na Kijerumani tuliambiwa miaka ile tunakwenda kuijenga nchi. Wengine tuliendesha mitambo iliyochapa vitabu vya shule mlivyosomea ninyi. Leo tunaulizwa kama Leipzig ni chuo au ni dawa ya meno.

Ninachoomba ni kidogo. Ichapeni upya ile ramani iliyokuwa ukurasa wa kati, mliyoipaka wekundu mmoja kuanzia Rostock hadi Tirana. Mtambo wenu una rangi nne, naujua, kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Nyekundu iliyojaa iwe ya Ujerumani Mashariki, Poland na Hungaria, walikokaa askari wa Kisovieti. Chekoslovakia iwe na mistari, maana wanajeshi hao waliondoka mwishoni mwa 1945 na hawakurudi hadi 1968. Romania na Bulgaria ziwe njano. Albania iwe bluu kuanzia 1961, mkikosa nafasi wekeni nyota na maelezo chini. Yugoslavia iacheni nyeupe kabisa, haikuwa katika Mkataba wa Warsaw hata siku moja. Na ile picha ya vifaru mliyoiandikia "Budapest 1956" ina tramu yenye maandishi ya Kicheki. Mtafuteni mtu mwenye miwani. Ikitoka, iwe ukurasa uleule wa kati, si chini ya matangazo ya vifo pembeni ya mikeka ya mpira. Mwandishi akikwama aje nimweleze, ila asije saa ya taarifa ya habari.

Mstaafu wa uchapaji,
Tanga