Mjomba, safari hii usilale baada ya daku

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia huku wazi kwa sababu ana kwa ana hunipi nafasi. Nikitaja langalanga, hizi mbio za magari za Formula 1, unaguna na kugeukia ukuta. Mwaka jana tulikula daku pamoja, tukaswali Alfajiri, na nilipokwambia kuwa saa moja asubuhi magari yanaanza kule Melbourne, Australia, ulinijibu ukiwa umeshajifunika kikoi: "Mbio ya kwanza ni ya kupasha misuli tu. Niamshe Hamilton akipanda jukwaani." Basi huyo dereva wako wa Ferrari hakupanda, nawe hukuamshwa mwaka mzima, na kosa si langu. Ile mbio fupi aliyoshinda Uchina wiki iliyofuata uliikataa mwenyewe, ukasema nusu mbio haihesabiki.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 16 Machi 2025. Nilikaa barazani, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai iliyokwisha, sauti nimeipunguza nisiamshe nyumba. Huku kwetu joto lile la Machi unalijua, saa moja shati limeshashika mgongo. Kule Albert Park, kwenye uwanja wa mbio, kunanyesha, watazamaji wamejifunika makoti ya plastiki.

Mbio hata hazijaanza, kijana mmoja akaharibikiwa. Isack Hadjar, Mfaransa wa miaka 20, ndiyo siku yake ya kwanza kabisa. Magari yanazunguka polepole kutia joto matairi kabla ya kwenda kupangwa. Kona ya pili, tairi za nyuma zikamponyoka, gari likazunguka na kugonga ukuta kinyumenyume. Ametoka nyumbani kwao mpaka mwisho wa dunia, na mbio hakuzianza. Alirudi kwa miguu, kofia hajaivua, mkono ameuziba machoni, mabega yanamtikisika. Kamera ikamfuata tu bila huruma.

Aliyemfuata kwa huruma ni Mzee Anthony, babake Hamilton wako. Timu si yake, mtoto si wake. Alimshika bega, akamwinamia, akawa anamsemesha huku wakitembea. Sikusikia anamwambia nini, ila nilimwona yule kijana akiinua kichwa kidogo. Baadaye bosi mmoja wa upande wa timu ya Red Bull akasema kile kilio kilikuwa aibu. Mimi nasema aibu ilikuwa ya aliyesema. Hadjar huyohuyo mwezi wa Agosti alimaliza wa tatu Zandvoort, Uholanzi, na msimu huu wamemketisha Red Bull kando ya Verstappen, bingwa wa mara nne.

Mbio zenyewe zilipoanza, vijana waliendelea kupukutika. Kulikuwa na sita waliokuwa wakiingia msimu wao kamili wa kwanza, na wanne hawakumaliza. Lakini mmoja, Kimi Antonelli, miaka 18, alianzia nafasi ya 16 akamaliza ya nne, kwenye kiti kilekile alichokiacha Hamilton pale Mercedes. Mitihani ya shule alikuwa hajaimaliza.

Sasa nifike penye jambo langu. Mzunguko wa 44 kati ya 57. Barabara ilikuwa imeshakauka na wote wako kwenye tairi za kavu, zile zisizo na mikato. Lando Norris mbele, mwenzake wa timu ya McLaren, Oscar Piastri, anamfuata. Piastri ni mzaliwa wa palepale Melbourne, uwanja mzima uko naye. Mvua ikarudi ghafla, tena upande mmoja tu wa uwanja. Kwenye kona moja wakateleza wote wawili, mmoja nyuma ya mwingine, kama wamefungwa kamba. Norris akajikokota mpaka kwa mafundi akabadilisha tairi. Piastri akaishia kwenye majani, gurudumu zinazunguka na gari haliendi.

Nilikukumbuka wewe, wallahi. Miaka ile ya lori la Mombasa hadi Malaba, ukinipakia wakati wa likizo, tulipofika karibu na Voi yakaanza manyunyu. Ukapunguza mwendo mpaka nikaudhika. Ukaniambia mvua kubwa haina neno, inaosha barabara; ya kuogopa ni hii ya dakika kumi za mwanzo, inayoinua mafuta na vumbi juu ya lami. Mbele yetu kulikuwa na lori limeshalala ubavu. Wale vijana wana kompyuta za kila aina na watu wa kuwasomea mawingu, lakini siku ile walikosa mtu wa kuwaambia hayo ya Voi.

Piastri aliirudisha gari kinyumenyume kutoka kwenye yale majani, mkiani kabisa. Akapigana mpaka nafasi ya tisa, na wa mwisho kupitwa naye, mzunguko wa mwisho, alikuwa Hamilton. Ndiyo, wako. Ferrari waliwaacha madereva wao nje na tairi za kavu wakitumaini mvua itapita. Haikupita. Hamilton akawa wa kumi, pointi moja. Mbele, Verstappen alikuwa anamwandama Norris hadi kwenye mstari, akamkosa kwa sekunde 0.895. Mimi nilikuwa nimesimama barazani nimeshika kichwa. Muuza maziwa akaniuliza nani amefariki.

Haya, lete ile kalamu yako ya hesabu za dizeli. Desemba, Abu Dhabi, msimu umefungwa: Norris bingwa kwa pointi 423, Verstappen 421, Piastri 410. Mbili tu baina ya wa kwanza na wa pili! Mshindi wa mbio hupata 25, wa pili 18. Ile sekunde isiyotimia, Machi, ndiyo kombe. Naye Piastri angebaki wa pili siku ile angepata 18, akaambulia 2. Zimempotea 16, na bingwa alimzidi 13.

Najua utakavyonijibu. Utasema Piastri aligonga ukuta Baku mzunguko wa kwanza, na McLaren wote wawili walifutiwa matokeo Las Vegas kwa sababu vibao vya chini ya gari vililika kupita kiasi, na Verstappen alijitia adhabu mwenyewe Uhispania alipogongana na Russell wa Mercedes. Ni kweli yote. Kila mmoja ana orodha yake ya kujutia, sibishi. Ninachokataa ni hilo neno lako la kupasha misuli. Hakuna aliyewapa punguzo eti kwa kuwa ilikuwa Machi.

Mwaka huu wanaanza tena palepale, tarehe 8 Machi 2026, na ni Ramadhani tena. Magari ni mapya kabisa: madogo, mepesi zaidi, na karibu nusu ya nguvu inatoka kwenye umeme. Cadillac wameingia, timu sasa ni 11, na Sauber imegeuka Audi. Nani ana gari zuri, mimi na wewe tunajua sawasawa. Huenda hata yule mzee wako mwenye miaka 41 akakutoa kimasomaso.

Kwa hiyo mbaazi na mahamri ya daku nanunua mimi. Simu nitaichaji usiku, na bando limeshawekwa. Wewe kazi yako ni moja: ukitoka msikitini usipitilize chumbani, kaa barazani. Kikoi njoo nacho, nitakuwekea mto.