Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Picha Kwanza au Kitabu Kwanza?

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kusoma maandishi ya kale ya Kijerumani na lugha zilizo jamaa zake,

Kwa niaba ya kamati nawasalimu nyote, mlioko Mombasa, Lamu, Zanzibar, Dar es Salaam na Nairobi, pamoja na wenzetu wa Ujerumani na Skandinavia ambao kila mara hulazimika kutusubiri umeme urudi. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na mihtasari ya vikao anayo katibu. Mimi nitazungumzia jambo moja, lile lililotugawa mwaka mzima na ambalo leo tunalipigia kura. Tuendelee na utaratibu wa kusoma picha ya hati au ya jiwe kwanza, ndipo tufungue kitabu kilichochapwa, au tuuache?

Msimamo wangu mnaujua. Nataka utaratibu ubaki, na ushahidi nitautoa katika kazi tulizozisoma pamoja.

Tulianza na Jelling, Denmark. Jiwe kubwa la hapo lilisimamishwa na mfalme Harald Bluetooth, miaka ya 960 hivi, kuwakumbuka wazazi wake Gorm na Thyra. Hakuishia kwa wazazi. Alijisifu humo humo kwamba aliitwaa Denmark yote na Norway, na kwamba yeye ndiye aliyewatia watu wa Denmark katika Ukristo. Vitabuni mambo yamepigwa pasi kwa Kinorsi cha kale, lugha ya Waviking: mfalme ni konungr, ukumbusho ni kumbl. Ukitazama jiwe lenyewe huoni hata moja kati ya hayo. Unaona kunukR na kubl. Zama za Waviking alfabeti ya runi, herufi za kale za kuchonga za kaskazini mwa Ulaya, ilikuwa imepunguzwa kutoka herufi 24 hadi 16, kwa hiyo herufi ya k ilibeba k na g, ya b ikabeba b na p, ya u ikabeba u, o na sauti nyingine zaidi. Tena sauti za puani, m na n, zikitangulia konsonanti, mara nyingi hazikuchongwa kabisa.

Hapo ndipo wanachama waliolelewa na tenzi za hati za Kiarabu walipotuacha nyuma sisi wenye shahada. Mtu aliyezoea miswada ya zamani ya pwani anajua kwamba ba moja yaweza kuwa b, p au mb, na kwamba damma moja yaweza kusomwa u au o. Mwanachama wetu wa Lamu, ambaye Kinorsi cha kale alikuwa hajakigusa, alipoona kubl aliuliza papo hapo kama hiyo b haikumeza m. Ilikuwa imeimeza. Swali hilo lisingeulizwa na mtu aliyeanzia kitabuni, maana kitabuni m imesharudishwa, na msomaji hajui kwamba kuna aliyefanya kazi ya kuirudisha.

Kazi ya pili ilikuwa shairi la Hildebrand, la Kijerumani cha kale, karatasi mbili za ngozi zilizopo Kassel, Ujerumani. Baba na mwana wanakutana katikati ya majeshi mawili. Baba anamtambua mwanawe na kumpa pete za dhahabu. Mwana anazikataa, akidhani huyu ni mzee mjanja wa kabila la Hun anayetaka kumtega. Wanapigana, na shairi linakatika kabla hatujajua nani alianguka. Ukisoma kitabuni unaweza kudhani mtunzi alitaka tubaki na kiu. Ukiitazama hati unaona sababu ya kawaida zaidi. Miaka ya 830 hivi waandishi wawili walilinakili kwenye kurasa tupu za mwanzo na mwisho wa kitabu cha dini, na nafasi ikawaishia. Mwandiko wa pili unaonekana wazi: umeshika mistari michache tu mwanzoni mwa ukurasa wa mwisho, kisha wa kwanza akarudi kazini.

Humo pia kuna herufi iliyotutesa wiki nzima. Ina kijiti na tumbo, na nusu yetu tuliisoma p, tukapata maneno yasiyo na maana katika lugha yoyote. Kumbe ni wynn, herufi ya sauti w, ambayo Waingereza waliichukua kutoka runi wakaitia katika mwandiko wao wa Kilatini. Kuiona katika hati ya Kijerumani ni dalili ya mahusiano ya watawa wa pande mbili za bahari, nayo ni dalili ambayo machapisho mengi huifuta kwa kuweka w tu. Walioudhika na wiki ile nawaelewa. Lakini niambieni, ni nani kati yetu ambaye leo atamkosea wynn?

Historia ya karatasi zenyewe tuliipitia haraka, ingawa inastahili kikao chake. Ziliibwa Ujerumani mwaka 1945 vita vilipokuwa vikiisha, zikafika Marekani zikauzwa. Moja ilirudi 1955, ya pili 1972.

Muda mwingi tuliutumia kwa Kitabu cha Fedha, yaani Codex Argenteus cha Uppsala, Sweden, na sijutii hata saa moja. Ni Injili kwa Kigothi, lugha ya kale iliyo jamaa ya Kijerumani, tafsiri iliyotokana na askofu Wulfila wa karne ya 4. Nakala hii iliandikwa mwanzoni mwa karne ya 6, yaelekea Ravenna, Italia, kwa wino wa fedha na dhahabu juu ya ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau. Kati ya karatasi 336 zimesalia 188, na moja kati ya hizo ilionekana mwaka 1970 tu, katika kanisa kuu la Speyer. Waswidi walikichukua kitabu Prague mwaka 1648 kama ngawira, kikapita mikono kadhaa, na mwaka 1669 kikakabidhiwa Chuo Kikuu cha Uppsala na Magnus Gabriel De la Gardie, kansela wa Sweden.

Chini ya kila ukurasa pamechorwa matao manne ya fedha, na ndani yake namba zinazoonyesha wapi habari ile ile imesimuliwa katika Injili nyingine. Machapisho ya kawaida huyaacha matao hayo. Namba zenyewe zimeandikwa kwa herufi, kama wafanyavyo Wagiriki, na alfabeti ya Kigothi ina herufi mbili zisizo na sauti yoyote, kazi yake ni kuhesabu 90 na 900 tu. Waliosoma abjadi, yaani kuhesabu kwa herufi za Kiarabu, madrasani hawakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Sasa niwape haki wapinzani wa utaratibu huu, maana hoja zao si za mzaha.

Ya kwanza ni pembe za dhahabu za Gallehus, Denmark. Pembe fupi, iliyopatikana 1734, ilikuwa na maandishi ya miaka ya 400 hivi: ek hlewagastiz holtijaz horna tawido, yaani mimi Hlewagastiz, wa Holt au mwana wa Holt, niliitengeneza pembe. Ni kati ya sentensi kamili za kale kabisa tulizonazo katika lugha hizi. Mwaka 1802 Niels Heidenreich, sonara, aliziiba pembe zote mbili akaziyeyusha. Tunasoma michoro ya watu wa karne ya 18, basi. Picha ya kitu chenyewe haitapatikana kamwe, na utaratibu wetu hapo hauna la kutuambia. Nakubali.

Ya pili ni wanachama wapya. Mahudhurio yao yalishuka baada ya kikao cha Hildebrand, na baadhi waliandika kwamba walijiona wajinga. Hili linaniuma kuliko la Gallehus. Kosa si la picha. Tuliwatumbukiza katika hati bila kuwafundisha herufi kwanza.

Ya tatu, kwamba wataalamu wameshatazama na hatuna la kuongeza, siikubali. Angalieni habari za Hole, Norway. Januari 2023 ilitangazwa kwamba kipande cha jiwe kilichochimbuliwa 2021 kina runi za kati ya mwaka 1 na 250, za kale kuliko jiwe lolote la runi lililojulikana. Dunia nzima ikaandika juu ya herufi nane, idiberug, na nini maana yake. Kristel Zilmer, mtaalamu wa runi, na wenzake waliendelea kutazama mawe, na mwaka 2025 wakachapisha kwamba vipande kadhaa vya eneo lile la makaburi vinaungana: lilikuwa jiwe moja lililovunjwa, vipande vikatumika tena katika maziko ya baadaye. Muda sasa unawekwa kati ya miaka 50 kabla ya Kristo na 275 baada yake. Aliyebaki na usomaji wa 2023 peke yake hana habari hizo.

Kwa hiyo kamati inaleta azimio hili. Picha itangulie kwa vikao viwili vya kila kazi, kitabu kifuate kikao cha tatu. Pale kitu chenyewe kilipopotea, tuanze na mchoro wa zamani kuliko yote. Kila kazi itanguliwe na somo la herufi kwa wapya, na mwalimu alipwe posho ya intaneti kutoka mfuko wa ada.

Azimio likipita, tutaanza na Abrogans, faharasa ya Kilatini na Kijerumani iliyoko St. Gallen, Uswisi, hati namba 911. Picha zake ziko wazi bure mtandaoni, nasi hatuna bajeti ya kununua kitu. Kwa upande wa runi tutaendelea kutumia kanzidata ya Uppsala, yenye maandishi zaidi ya 6,000, nayo ni bure pia. Ndugu wa Leipzig amejitolea kutueleza ile karatasi ya Heliand, shairi la kale la maisha ya Yesu, iliyogunduliwa huko mwaka 2006 ikiwa imetumika kama jalada la kitabu kingine.

Nafasi ya makamu mwenyekiti iko wazi. Fomu za kugombea ziko kwa katibu hadi mwisho wa kikao hiki, na wasiolipa ada wanaweza kumwona mweka hazina sasa hivi, kabla ya kura.